Maswali ya Wasomaji: Fyuzi boksi, waya na ethi za gari la spoti la zamani

Mwezi huu maswali karibu yote ni ya umeme, na mengi yametoka kwa watu wenye MGB na Datsun 240Z, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. La Nyali nimelijibu kwa urefu maana majibu ya wengine yanaegemea hapo, kama la kwako liko chini tafadhali anzia juu.

SWALI: Assalam aleykum fundi. Mimi niko Mombasa, nina MGB ya 1971 tuliyoachiwa na marehemu baba. Mchana gari inatembea vizuri tu, balaa ni usiku, taa kubwa ni za njano kama kibatari, indiketa inapiga polepole na nikikanyaga breki inasita kabisa mpaka niachie. Fyuzi boksi imeshika kutu na fyuzi moja kuna fundi aliizungushia ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara akasema hiyo haitakatika tena. Jamaa yangu anakuja kutoka Uingereza na anaweza kuniletea fyuzi boksi ya kisasa ya nafasi 10. Nikiifunga hiyo shida itaisha? (Msomaji, Nyali)

JIBU: Wa aleykum salaam kaka, Mungu amrehemu mzee na hongera kwa kuitunza gari yake. Nikujibu moja kwa moja, hapana, haitaisha. Utakuwa na boksi mpya inayong'aa na taa za njano vilevile, kwa sababu fyuzi haiongezi umeme popote, kazi yake ni moja tu, kulinda waya. Watu wengi wanadhani fyuzi inalinda balbu au redio, siyo, inalinda ule waya unaokwenda huko usije ukashika moto ndani ya dashibodi siku umekwaruzika ukagusa bodi. Ukilishika hilo mengine yote yanafunguka, maana saizi ya fyuzi inatoka kwenye unene wa waya, haitoki kwenye kitu kilichofungwa mwisho wa waya.

Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma nenda katoe ile karatasi ya sigara, na nasema leo leo. Haiwezi kukatika kama fyuzi inavyokatika, kwa hiyo siku waya ukipiga shoti kitakachoyeyuka ni waya wenyewe, na kwenye MGB waya hauungui peke yake, umefungwa mkungu mmoja na wenzake na wote wanaungua kuanzia kwenye bonet mpaka nyuma ya dashibodi. Weka fyuzi ya kweli, na kama inakatika ujue inakwambia kitu.

Sasa tuitazame gari yenyewe. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya 500,000, na umeme wake ni wa Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari, kwa hiyo ukizijua rangi za waya umemaliza nusu ya kazi. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, hauna fyuzi. Mweupe ni moto unaokuja ukishawasha swichi ya funguo, nao hauna fyuzi. Kijani ni ule mweupe ukishapita kwenye fyuzi, na zambarau ni ule wa kahawia ukishapita kwenye fyuzi. Bluu ni taa kubwa, bluu yenye mstari mweupe ni fuli na bluu yenye mstari mwekundu ni dimu. Nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Boksi yako ya kiwandani ina fyuzi nne, mbili ni za taa ndogo, moja ni ya zambarau kwa honi na taa ya ndani, na moja ni ya kijani ambayo ndo imebebeshwa kila kitu, indiketa, taa za breki, waipa, feni ya hita, geji ya mafuta, wote hao wananyonya kwenye kipande kimoja cha kioo na vishikizo viwili vyenye kutu. Ndo maana ukikanyaga breki indiketa inasita, balbu mbili za breki zikiwaka zinavuta ampea kama tatu unusu kwa pamoja na zile volti zilizobaki hazitoshi kwa indiketa.

Taa kubwa zenyewe kiwandani hazikupewa fyuzi kabisa. Umeme wake unaanzia kwenye stata kwa waya wa kahawia, unapanda mpaka swichi ya taa kwenye dashibodi, unakwenda kwenye kijiti cha usukani cha fuli na dimu, halafu unarudi safari yote mpaka mbele nyuma ya grili kwenye zile pini za mviringo zinazochomekwa ndani ya vimikono vya raba, hapo ndo unaifikia balbu. Balbu mbili za wati 60 ni wati 120, gawanya kwa volti 12 unapata ampea 10, na ampea 10 zote hizo zinapita ndani ya swichi yenye umri wa zaidi ya miaka 50 na kila pini yenye kutu njiani inakula kidogo. Volti zikipungua asilimia 10 kwenye balbu mwanga unapungua karibu asilimia 30, kwa hiyo usishangae ukiona njano.

Anza na ethi, kabla ya kununua chochote. Chukua mita, iweke kwenye volti za DC, washa injini na taa kubwa, ncha moja iguse mguu hasi wa betri (betri za MGB ziko nyuma ya viti chini ya kifuniko kwa hiyo utahitaji kipande cha waya mrefu) na ncha ya pili iguse ule waya mweusi pale pale unapoingia kwenye balbu ya mbele. Ukisoma 0.1 au 0.2 hapo pako sawa. Ukisoma 0.5 kwenda juu, huo ni umeme unaopotea kwenye kutu na rangi, fungua bolti ya ethi mbele pale, piga msasa mpaka chuma king'ae upande wa bodi na upande wa kikombe cha waya, rudisha na uikaze, upake grisi au vaselini juu yake. Halafu fanya kipimo hicho hicho upande wa moto, ncha moja kwenye mguu chanya wa betri na nyingine kwenye mguu wa moto wa balbu, na hapo ndo nadhani utapigwa na butwaa, kwenye MGB ambayo haijaguswa waya zake si ajabu kukuta volti moja na zaidi imepotea njiani.

Usisahau ule mkanda wa ethi unaounganisha injini na bodi. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo mkanda huo ukikatika umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia anayoipata ni kebo ya choki au kebo ya eksileta. Dalili yake ni hii, unapiga stata inazunguka kwa uvivu na ukishika kebo ya choki unakuta ya moto, wengine mpaka wameona moshi. Mkanda mpya ni kitu rahisi sana, na watu wamebadilisha stata na betri bure kwa ajili yake.

Ukishamaliza ethi ndo tuje kwenye boksi, na hapo ushauri wangu ni boksi ije pamoja na rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Rilei mbili, moja ya fuli na moja ya dimu, zile za kawaida zenye miguu 30, 85, 86 na 87. Mguu wa 30 unaupa moto mpya kutoka kwenye stata au alteneta kwa waya wa milimita 3 za mraba, na moto huo uwe na fyuzi yake karibu kabisa na unapoanzia, siyo mwisho wa safari, maana waya usio na fyuzi ni ule wote ulioko kabla ya fyuzi. Mguu wa 85 unakwenda ethi. Mguu wa 86 unachukua ule waya wa zamani wa bluu na mweupe kwa fuli au bluu na mwekundu kwa dimu, kwa hiyo swichi yako ya zamani sasa inabeba kama ampea 0.15 tu ya kuamsha rilei badala ya ampea 10, nayo itaishi muda mrefu. Mguu wa 87 unakwenda kwenye balbu, na hapa naomba usifanye uvivu, kila taa na fyuzi yake, kushoto fuli, kushoto dimu, kulia fuli, kulia dimu, za ampea 7.5 au 10, ili fyuzi moja ikikatika usiku ubaki na taa ya upande wa pili ya kukuonyesha barabara.

Hizo ni nafasi nne, unabaki na sita. Ule mzigo wa kijani ugawe, indiketa na taa za breki peke yake kwenye fyuzi moja, waipa kwenye nyingine, feni ya hita kwenye nyingine. Pampu ya mafuta ambayo kiwandani inakula kwenye mweupe bila fyuzi ipe fyuzi yake ndogo, nayo hata ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo mrefu) kama gari yako inayo, zile waya za ovadraivu zinashuka mpaka kwenye giaboksi na zinapenda sana kukwaruzika huko chini. Koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, mimi naiacha kama kiwanda kilivyoiacha, bila fyuzi, kuna mafundi wazuri wanaobisha na wana hoja zao, lakini gari kuzimika ghafla katikati ya lori mbili kwa sababu ya fyuzi ya koili iliyolegea ni hatari ambayo siitaki.

Unene wa waya usikisie. Waya wa milimita 1 ya mraba ubebe mpaka kama ampea 8, milimita 2 mpaka kama 17, milimita 3 mpaka kama 25, halafu fyuzi yako iwe chini ya hapo. Dukani angalia nyuzi za shaba ndani, kuna waya zina plastiki nene kwa nje na ndani shaba kiduchu, ukizichubua unaziona, na nyingine siyo shaba ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, ikwangue kwa kisu ukiona nyeupe ndani irudishe. Kila waya unapopita kwenye tundu la ukuta wa injini weka raba ya tundu, bila raba lile bati litaula waya na utarudi mwanzo.

Kabla hujachomeka fyuzi mpya fanya hivi, na mafundi wanaonisoma naomba wachukue hii. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge waya mbili, iweke pale fyuzi inapokaa, washa vitu vya mzunguko huo kimoja kimoja. Vitu vikiwa vimezimwa balbu isiwake, na ukiwasha kimoja ikawaka hafifu hapo kuko sawa, umeme unapita kwenda kazini. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote wakati hujawasha kitu chochote, kuna shoti, na balbu ndo inabeba mzigo, hakiungui kitu, unaweza kutikisa waya mmoja mmoja mpaka uone balbu inapunguza mwanga na hapo umempata mwizi. Ni bora kuliko kuchoma fyuzi kumi ukitafuta.

Na kabla hujakata au kuunga waya wowote toa mguu wa ethi wa betri, uurudishe wakati wa kupima tu. Kwa gari yako ya 1971 ethi ni hasi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Tumenunua MGB mimi na mume wangu, kitabu chake kinasema fyuzi za 35, nimezunguka maduka ya Arusha nimepata fyuzi za kioo zimeandikwa 35A za gari za Kimarekani, zinaingia vizuri kabisa. Fundi wetu anasema sawa, mimi nina wasiwasi maana zingine zote kwenye gari nyingine ni 10 na 15. (Dada wa Njiro, Arusha)

JIBU: Nzuri dada, na wasiwasi wako una msingi. Usiziweke. Namba ya Lucas ya 35 ni ampea ambazo fyuzi inakatika, mzigo wake wa kuendelea siku zote ni 17 tu. Namba ya Kimarekani ni mzigo ambao fyuzi inaubeba, kwa hiyo hiyo 35 yako ya dukani itabeba ampea 35 bila kutikisika, waya nyuma yake ulipangiwa 17. Zinafanana kwa urefu na zinaingia vizuri, na hapo ndo hatari yake, hakuna kitu kitakachokuonya. Tafuta zile za Uingereza zilizoandikwa 17 na 35 kwa pamoja, ukikosa weka ya Kimarekani ya 15. Kama ya 15 inakatika na hakuna shoti, basi mzigo umezidi na dawa ni kuugawa kama nilivyomweleza kaka wa Nyali hapo juu, siyo kupandisha namba. Na mwambie fundi wenu kwa heshima, usimgombeze, wengi hawajawahi kuambiwa.

SWALI: Fundi niko Nairobi, nina Datsun 240Z ya 1972, naipenda kuliko kitu chochote. Nikiendesha usiku kama saa nzima nasikia harufu ya plastiki kutoka kwa konsoli ya katikati, nikigusa kifuniko cha fyuzi ni moto. Fyuzi hazikatiki. Nimebadilisha zote, bado. Nataka pia kuweka alteneta kubwa kwa sababu ya AC na redio. Nifanyeje? (Msomaji, Lang'ata)

JIBU: Ndugu yangu una gari ambalo Afrika Mashariki lina heshima yake, 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, hiyo ya 1973 chini ya Shekhar Mehta, kwa hiyo naelewa mapenzi yako. Lakini lisikilize hilo joto, na simama kuendesha usiku mpaka ulitatue.

Fyuzi haikatiki kwa sababu ampea hazijazidi. Kinachochemka ni kile kishikizo. Kwenye boksi ya 240Z vile vibati vinavyoshika fyuzi vimepigwa ribiti upande wa chini, ndo ribiti hizo zinazounganisha kibati na waya, na baada ya miaka 50 kati ya ribiti na kibati kumeingia kutu. Toa skrubu za boksi uigeuze utaziona mwenyewe, ribiti nzima ina rangi ya shaba iliyofifia na ile mbovu ni nyeusi, plastiki iliyoizunguka imegeuka kahawia na pengine imelegea kidogo upande mmoja. Nyingi zinaungua pale pa taa ndogo za nyuma na dashibodi, na pale pa taa kubwa. Pima na mita kwa kugusa waya unaoingia na waya unaotoka wa fyuzi hiyo hiyo taa zikiwaka. Ukipata 0.5 volti na hapo panapita ampea 10, hizo ni wati 5 za joto zinazokaa kwenye kitu cha ukubwa wa ukucha, masaa mazima, lazima plastiki iyeyuke. Kubadilisha fyuzi hakusaidii kwa sababu fyuzi siyo mgonjwa.

Kusafisha kwa msasa kutakupa wiki chache tu. Kuchomea ribiti kwa risasi kunasaidia kama plastiki bado ni nzima, lakini yako ilivyokwisha kunuka mimi ningeitoa yote niweke boksi mpya ya fyuzi bapa. Zipo zinazotengenezwa maalum kwa 240Z zinazochomekwa kwenye soketi za kiwandani bila kukata waya hata mmoja, na kwa gari lenye thamani kama hilo ningechagua hiyo, maana siku ukitaka kuirudisha ilivyokuwa unairudisha. Boksi ya zamani usiitupe.

Halafu rilei za taa kubwa, sababu ni ile ile, kuokoa swichi ya usukani ambayo kwenye Z ni ghali na haipatikani kirahisi. Ila hapa sikiliza vizuri, Z haiko kama MGB. Kwenye Z moto unakwenda kwenye balbu moja kwa moja kupitia swichi ya taa na fyuzi, na ile swichi ya fuli na dimu inakata upande wa ethi. Fundi aliyezoea gari za kawaida akifunga rilei kwa mazoea utakuta fuli na dimu zinawaka pamoja au haziwaki kabisa, halafu atalaumu rilei. Mwonyeshe kwa mita kabla hajakata kitu, taa zikiwa zimewashwa kwenye dimu atakuta moto kwenye mguu wa pamoja wa balbu na ethi inakuja kutoka usukani.

Alteneta kubwa sawa, lakini siyo kabla ya waya. Ile geji ya ampea kwenye dashibodi inapitisha umeme wote wa kuchaji, waya nene mweupe unaingia ndani ya kabini, unapita nyuma ya geji na kutoka tena, na ulipangiwa alteneta ndogo ya enzi zake. Ukiweka alteneta ya ampea 60 au zaidi na AC inavuta, ampea hizo zote zinapita nyuma ya dashibodi na kwenye viungio vya zamani. Vuta waya mpya mnene kutoka alteneta moja kwa moja mpaka betri ukiwa na fyuzi kubwa inayolingana na unene wake, geji iache kama pambo au weka ya volti ndani ya sura ile ile. AC ipe rilei na fyuzi yake kutoka betri, isiguse boksi ya kati kabisa.

SWALI: Fundi mimi wa Unguja. MG yangu nimebadilisha waya mwaka juzi tu, waya mpya kabisa, sasa nikichubua naona shaba imegeuka nyeusi na nyingine kijani mpaka ndani. Bahari inatuua. Na nilitaka kukuuliza, viungo nichomee kwa risasi au nibane kwa koleo? (Msomaji, Mbweni)

JIBU: Pole sana. Ni chumvi na unyevu, unaingia kwenye ncha ya waya na kupanda ndani ya plastiki kati ya nyuzi, mtu anaona nje kuzuri kumbe ndani kumeoza. Dawa ipo, tafuta waya wa boti, ule ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati, ukiuchubua ndani ni mweupe kama fedha. Kwa mtu wa Unguja siyo anasa hata kidogo, ndo waya wa kawaida kwenu. Kila ncha funika na ule mrija wa plastiki unaosinyaa ukiupasha moto, lakini nunua wenye gundi ndani, ukisinyaa unaona gundi inachuruzika kidogo pembeni na hapo maji hayaingii.

Kuhusu risasi au kubana, mimi nabana. Risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya kuwa mgumu pale inapoishia, gari linatetema, na waya unakatikia hapo hapo. Lakini kubana kuwe kwa koleo lake lenye meno ya saizi, siyo praisi wala kugonga kwa nyundo. Ukishabana uvute kwa nguvu, ukitoka hujabana. Ukichomea kwa risasi basi hakikisha waya umefungwa na kushikiliwa karibu na kiungo usicheze. Na insuletepu peke yake kwenye joto lenu gundi yake inayeyuka, baada ya miezi inafunguka yenyewe na kuacha kiungo uchi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Tanga, babu kanipa MGB yake ya 1965, waya zake zimevikwa kitambaa na zinameguka ukizikunja. Mguu chanya wa betri ndo umefungwa bodi, nikadhani babu alikosea. Ninunue wayaringi nzima kutoka nje au fundi wa hapa anifungie waya mpya? Na nataka kuchaji simu. (Mjukuu, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na babu hakukosea. MGB za mwanzo mpaka 1967 ethi yake ni chanya, ndivyo zilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo usichomeke chaja ya simu wala redio ya kisasa sasa hivi, kile kibati cha nje cha chaja ni hasi, na bodi yako ni chanya, kwa hiyo chaja itapata umeme kinyume au utapiga shoti.

Unaweza kuigeuza iwe hasi, siyo kazi kubwa ila ina mpangilio wake. Unageuza betri, unabadilisha waya mbili za koili, halafu dinamo unaipa upya sumaku kwa kugusa mguu wake wa F na waya wa moto kwa sekunde moja mbili tu, waya za dinamo zikiwa zimetolewa, usipofanya hivyo itachaji kinyume na kuharibu kisanduku cha kuchaji. Geji ya mizunguko ya injini kwenye MGB ya 1965 ni ya umeme nayo inajali upande, iende kwa mtu anayejua geji aigeuze ndani. Pampu ya mafuta kama imeshabadilishwa ikawekwa ya kielektroniki soma maandishi yake kwanza.

Kwenye wayaringi, kwa waya za kitambaa zinazomeguka usiunge unge. Ningekushauri ununue nzima iliyotengenezwa Uingereza kwa rangi zile zile za kiwanda, kwa sababu fundi yeyote atakayeishika baada yako atafungua mchoro na rangi zitalingana. Wakikutengenezea hapa Tanga kwa waya nyekundu tupu, itawaka vizuri siku ya kwanza, lakini siku ukiharibikiwa Korogwe usiku hakuna atakayejua waya upi unakwenda wapi. Kama pesa haitoshi basi fundi wa hapa afunge, lakini afuate rangi hata kwa kufunga vitepu vya rangi kwenye kila ncha, na achore mchoro ubaki kwenye gari. Waulize wauzaji kama wanaweza kukuongezea nafasi za rilei na fyuzi za ziada wakati wanaitengeneza. Na dinamo yako inatoa ampea 22 basi, taa kubwa peke yake zinakula 10, kwa hiyo kabla hujaongeza mataa ya spoti fikiria alteneta, na hapo ethi lazima iwe hasi kwanza.

Ile wayaringi ya zamani ukiitoa itoe nzima, usiikate vipande. Ilaze sakafuni kando ya mpya, linganisha tawi kwa tawi, utaona lipi linakwenda kwenye taa ya nyuma na lipi ni fupi kuliko inavyotakiwa kabla hujaanza kuingiza kwenye gari.

SWALI: Nimeweka balbu za LED kwenye indiketa za MGB, sasa zinawaka tu bila kupepesa. Ni fyuzi? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Siyo fyuzi. Kile kikopo cha zamani cha indiketa kinapepesa kwa joto la ampea zinazopita ndani yake, na LED inavuta kidogo mno haikipashi moto. Nunua flasha ya kielektroniki, nyingi zina mguu wa tatu au waya mweusi wa ethi ambao kile cha zamani hakikuwa nao, huo usipoufunga haitapepesa. Tena kwenye gari yenye taa moja tu ya dashibodi ya indiketa iliyoungwa kati ya kushoto na kulia LED zinaweza kuwaka zote nne kwa pamoja, ukiona hivyo dawa ni diodi mbili ndogo (vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya za taa hiyo, na ethi yake ipelekwe kwenye bodi.